Ushahidi Bila "Kumbe": Viashiria vya Chanzo cha Ujuzi na Pengo la Mshangao katika Sarufi ya Láadan

Ikisiri

Makala hii inahakiki mfumo wa viashiria vya ushahidi katika Láadan, lugha iliyobuniwa na mwanaisimu na mwandishi wa riwaya Suzette Haden Elgin kuanzia mwaka 1982. Láadan humtaka msemaji aoneshe, mwishoni mwa kila sentensi ya taarifa, amelijuaje jambo analolisema. Hata hivyo, sarufi hiyo haina kiashiria cha mshangao. Kwa kuilinganisha na Lojban, lugha nyingine ya kubuni iliyochota sana kutoka kwayo, na kwa kutumia neno la Kiswahili *kumbe* kama kipimo, makala inadai kuwa pengo hilo si dogo. Viashiria vya ushahidi humpa shahidi mahali pa kusimama. Kiashiria cha mshangao humpa asiyeamini njia ya kukiri kwamba amesadikishwa. Láadan imelijenga la kwanza kwa uangalifu mkubwa na kuliacha la pili. Makala inaonesha pia kwamba uchambuzi huu unatulazimu kutazama upya mahali pa *kumbe* katika sarufi ya Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Lugha za kubuni hazijapata nafasi kubwa katika uhakiki wa Kiswahili. Zinapotajwa, hutajwa pembeni, ama kama michezo ya wanaisimu ama kama mapambo ya riwaya na filamu. Msimamo huo unaeleweka, lakini unatunyima jambo moja. Katika lugha ya asili hakuna mtu tunayeweza kumuuliza kwa nini kategoria fulani imo na nyingine haimo, kwa kuwa sarufi hiyo ni kazi ya vizazi visivyo na idadi. Katika lugha ya kubuni, mfumo una mwenyewe. Uteuzi wake unaweza kusomwa kama tunavyousoma uteuzi wa mtunzi wa tungo: alichokiweka kina sababu, na alichokiacha kinaweza kuhojiwa.

Láadan inafaa kusomwa hivyo kuliko lugha nyingi za aina yake. Elgin alikuwa mwanaisimu mweledi, mtafiti wa Kinavajo, na alifundisha katika Chuo Kikuu cha Jimbo cha San Diego, Marekani. Aliibuni Láadan kwa dai mahususi, kwamba lugha zilizopo hazitoshelezi kueleza mitazamo na hisia za wanawake. Lugha hiyo ikawa uti wa mgongo wa riwaya yake *Native Tongue* (1984) na mbili zilizoifuata, *The Judas Rose* (1987) na *Earthsong* (1994), na kamusi na sarufi yake ilitoka mwaka 1985. Aliipa miaka 10 ya majaribio. Muda huo ulipokwisha, wanawake hawakuwa wameipokea kwa wingi, naye alilikiri jambo hilo waziwazi.

Wahakiki wengi wameitathmini Láadan kwa msamiati wake, hasa maneno yanayotaja kwa neno moja hali ambazo lugha nyingine huzieleza kwa sentensi nzima. Makala hii inaelekeza jicho kwenye sarufi. Roman Jakobson alikwisha kutukumbusha mwaka 1959 kuwa tofauti ya msingi baina ya lugha iko katika yale ambayo kila lugha humlazimisha msemaji ayaseme, si katika yale ambayo inamruhusu kuyasema. Basi swali letu ni hili: Láadan inamlazimisha msemaji wake aseme nini kuhusu ujuzi wake, na inamwacha anyamazie nini?

2.0 Ushahidi na Mshangao katika Lugha za Asili

Katika makala hii, kiashiria cha ushahidi ni kipashio cha kisarufi kinachoonesha chanzo cha taarifa: kuona, kusikia, kukisia, kuambiwa na kadhalika. Kiashiria cha mshangao ni kipashio kinachoonesha kuwa taarifa ni mpya kwa msemaji au inakwenda kinyume cha alivyotarajia.

Kuwapo kwa kategoria ya kwanza hakubishaniwi. Aikhenvald (2004) ameieleza kwa data ya lugha nyingi, ikiwamo Kitariana cha bonde la Vaupés nchini Brazili, ambacho hutofautisha kwa lazima vyanzo vitano: kilichoonwa, kilichohisiwa kwa njia nyingine, kilichokisiwa kutokana na dalili, kilichodhaniwa kutokana na ujuzi wa jumla, na kilichosimuliwa. Msemaji wa lugha ya namna hiyo hawezi kusema tu kwamba mbwa amekula samaki, kwa kuwa kitenzi chenyewe kitamsaili.

Kategoria ya pili ina ubishi. DeLancey (1997) alidai kuwa mshangao ni kategoria ya kisarufi inayojitegemea. Hill (2012) aliikana na kusema kuwa mingi ya mifano inayotolewa ni ushahidi wa moja kwa moja uliochambuliwa vibaya. Mwaka huohuo Aikhenvald alishikilia kuwa kategoria hiyo ipo, ila ndani yake mna maana kadhaa zinazokaribiana: kugundua ghafla, kushangaa, kuwa na akili isiyojiandaa, kupingwa kwa matarajio, na upya wa taarifa.

Kiini cha mjadala huo kinaonekana vizuri katika Kituruki. Sentensi *Kar yağmış*, yaani "theluji imeanguka", inaweza kusemwa na mtu aliyeona ardhi nyeupe asubuhi, aliyeambiwa na mwenzake, au aliyefungua dirisha akapigwa na butwaa. Kiambishi ni kimoja, *-mış*, na maana ni tatu. Aksu-Koç na Slobin (1986) waliziunganisha kwa kusema kuwa katika zote tatu tukio limeikuta akili ya msemaji haijajiandaa. Kwa maelezo hayo, mshangao ni namna ya kupokea ujuzi, na hisia ni sehemu yake tu. Tutaitumia hoja hiyo tutakapokuja kwenye lugha za kubuni, ambamo wabunifu walikuwa na uhuru wa kuviunganisha viwili hivi, kuvitenganisha, au kukiacha kimoja.

3.0 Láadan: Mahali pa Shahidi

3.1 Sentensi yenye mlango na kizingiti

Sentensi ya Láadan ina umbo lisilosahaulika. Huanza kwa neno linalotaja tendo-usemi: *bíi* kwa taarifa, *báa* kwa swali, *bó* kwa amri, *bóo* kwa ombi, *bé* kwa ahadi, *bée* kwa onyo. Kisha huja kitenzi na nomino zake. Sentensi ya taarifa hufungwa kwa neno la ushahidi. Mfano wa msingi ni huu:

(1) *Bíi hada with wa.*
taarifa – cheka – mwanamke – nimejionea
"Mwanamke anacheka."

Kwa neno la kwanza msikilizaji anajua anafanyiwa nini, na kwa neno la mwisho anajua msemaji ametoa wapi aliyoyasema. Inafaa kutaja kwa kupita kwamba *with* hutumika pia kwa mtu kwa jumla, na kwamba mwanamume hutajwa kwa kuongeza kiambishi: *withid*. Umbo lisilo na alama limepewa mwanamke, kinyume cha desturi ya lugha nyingi za Ulaya.

Maneno ya ushahidi ni machache na yana mpangilio. *Wa* ni kwa jambo ambalo msemaji amelitambua mwenyewe, liwe nje yake au ndani ya nafsi yake. *Wi* ni kwa jambo lililo dhahiri kwa kila mtu. *We* ni kwa jambo lililoonwa ndotoni. *Wo* ni kwa jambo la kuwazia au la kubuni. *Wóo* ni kwa jambo ambalo msemaji hana ujuzi wowote wa kuthibitisha ukweli wake. Yanabaki mawili ya taarifa zilizotoka kwa wengine: *wáa*, kwa jambo ambalo msemaji analichukua kuwa kweli kwa sababu anamwamini aliyelitoa, na *waá*, kwa jambo analolichukua kuwa si kweli kwa sababu hamwamini. Akiona pia kuwa mtoa taarifa ana nia mbaya, husema *waálh*.

3.2 Uzito wa *wa*

Kipengele cha kuzingatiwa kwanza ni upana wa *wa*. Orodha ya Kitariana hutenga kuona na kuhisi. Láadan haijali tofauti hiyo. Inachokijali ni kwamba mwenye utambuzi ni msemaji mwenyewe. Uchovu, maumivu na huzuni vinaingia katika neno lilelile linalotumiwa kwa mvua inayoonwa dirishani. Kwa mtazamo wa isimu linganishi huu ni upungufu wa upambanuzi, lakini kwa mtazamo wa kusudi la lugha ni uamuzi wa msingi. Elgin alikuwa akiandika kwa ajili ya watu ambao kauli zao kuhusu nafsi zao hujibiwa kwa kuambiwa kwamba hawahisi wanachodai kuhisi. Sarufi inayoyapa maumivu ya ndani hadhi sawa na jambo linaloonwa kwa macho inamfungia mlango mwenye kujibu hivyo. Anaweza kusema kwamba msemaji anadanganya, lakini hawezi tena kujifanya kwamba hakuelewa kauli ilitolewa kwa dhamana gani.

Ni kweli kwamba hakuna sarufi inayozuia uongo. Katika jamii zinazotumia viashiria vya lazima, mtu anaweza kusema jambo la kweli kwa kiashiria cha uongo, au jambo la uongo kwa kiashiria kilicho sahihi. Kinachobadilika ni hesabu yake. Asemaye uongo kwa *wa* amesema uongo mara mbili: kuhusu jambo lenyewe, na kuhusu kuwapo kwake pale lilipotokea.

3.3 Uaminifu kama sarufi

Kipengele cha pili ni jozi ya *wáa* na *waá*. Láadan hutumia tani, na tofauti ya maneno haya mawili ni mahali tani ya juu inapokaa tu. Kupandisha sauti kwenye irabu ya kwanza ni kumwamini mtu. Kuipandisha kwenye ya pili ni kumkana.

Mwanaisimu mkali atasema kuwa hapa Elgin amechanganya mambo mawili: chanzo cha taarifa, ambacho katika maneno yote mawili ni kuambiwa, na tathmini ya chanzo hicho. Ni kweli, lakini mchanganyiko huo si kosa. Msomaji wa Kiswahili anaufahamu kwa matumizi. Tazama mfano wa (2):

(2) a. Nasikia ana homa.
b. Eti ana homa.

Sentensi zote mbili zinatoa taarifa ya kuambiwa. Katika (2a) msemaji hajajifunga upande wowote. Katika (2b), inaposemwa kwa kiimbo cha taarifa na si cha kuuliza, amejiweka mbali na habari, na msikilizaji anaelewa kuwa homa hiyo haiaminiki. *Eti* ni jirani wa *waá*. Tofauti ni kwamba Kiswahili kinamruhusu msemaji kukwepa kwa *nasikia* au *inasemekana*, ilhali Láadan inamlazimu mwenye kupitisha habari aseme kama anamwamini mwenzake au la, au akiri kwa *wóo* kwamba hajui. Umbea wa "mimi nimesema tu nilivyosikia" hauna makazi katika sarufi hiyo. Hapa nadharia ya Elgin na ufundi wake vinakutana, na hii ndiyo sehemu ya mfumo wake iliyo imara kuliko zote.

4.0 Pengo

4.1 Mshangao usio na neno

Mbali na maneno ya ushahidi, Láadan ina viambishi vinavyoungwa kwenye neno la tendo-usemi kuonesha hali ya msemaji. Orodha ya msingi ina *-d* kwa hasira, *-th* kwa maumivu, *-li* kwa upendo, *-lan* kwa kusherehekea, *-da* kwa mzaha, *-ya* kwa hofu, *-de* kwa masimulizi na *-di* kwa kufundisha. Hakuna cha mshangao. Wala katika maneno ya ushahidi hakuna linalotofautisha jambo ambalo msemaji alikuwa akilijua siku zote na jambo ambalo limemfunukia sasa hivi. Aliyemwona jirani akicheka kila siku kwa miaka 20, na yule aliyeamini kuwa jirani huyo hajui kucheka na leo amemkuta akicheka, wote watatumia sentensi ya mfano wa (1), neno kwa neno.

Hatusemi kwamba msemaji wa Láadan hawezi kueleza mshangao. Anaweza kutunga sentensi ya pili na kusema kwamba hakutarajia. Swali ni lile la Jakobson: sarufi yenyewe imeona nini kuwa cha lazima? Kwa nini hasira, hofu na mzaha vipate viambishi, na mshangao usipate?

Lipo jibu moja linaloshawishi. Kila kipashio katika mfumo huu kinalinda kauli ya msemaji dhidi ya kubatilishwa na mwingine. Hasira inatajwa ili isikanwe; chanzo kinatajwa ili kisihojiwe kwa hila. Mshangao hauhitaji ulinzi wa namna hiyo. Anayeshangaa hajitetei, anakiri kwamba jana hakujua. Lugha iliyoundwa kwa ajili ya shahidi asiyeaminiwa haikuona haja ya kumpa shahidi huyo neno la kukiri alichokuwa hajui. Jibu hili linaeleza pengo, lakini kama tutakavyoona, halilihalalishi.

4.2 Lojban: *ua* na *ue*

Ili kulipima pengo hilo, inafaa kutazama lugha ya kubuni iliyotoa jibu tofauti. Lojban iliasisiwa mwaka 1987 na kundi lililojitenga na mradi wa Loglan wa James Cooke Brown, na sarufi yake ilielezwa kwa kirefu na John Woldemar Cowan mwaka 1997. Cowan anaeleza kwamba viashiria vya ushahidi vya Lojban vilichotwa kutoka orodha za lugha za wenyeji wa Amerika na, kwa kiasi kikubwa, kutoka Láadan. Kwa hiyo tunalinganisha lugha mbili zenye nasaba.

Lojban ina *za'a* kwa jambo linaloonwa, *ti'e* kwa lililosikiwa, *ja'o* kwa lililohitimishwa, *ka'u* kwa linalojulikana kwa utamaduni, na mengine. Hakuna lililo la lazima. Kando yake, katika kundi la maneno ya hisia, kuna *ue* kwa mshangao, nalo linaweza kuongezewa *nai* ili kupata kinyume chake, yaani jambo kutokea kama lilivyotarajiwa. Kuna pia *ua*, kwa ugunduzi, ambalo kinyume chake, *uanai*, ni kuchanganyikiwa kwa mtu anayetafuta jibu. Maneno haya huweza kurundikwa:

(3) a. *ti'e do klama* – "Nasikia unakuja."
b. *ue za'a do klama* – mshangao, naona: "Ala! Naona unakuja."
c. *ua do klama* – ugunduzi: "Ahaa, unakuja."

Kwa mtazamo wa kwanza Lojban imeshinda. Imekiri kwamba mshangao na chanzo cha ujuzi ni mambo mawili, na inamwachia msemaji kuyaunganisha apendavyo. Anayeunga mkono hoja ya DeLancey angeweza kuichukua kama kielelezo safi cha nadharia yake. Lakini utengano huo una gharama. *Ue* imewekwa katika jamii moja na furaha na huruma. Ni mtikisiko wa moyo. Haisemi chochote kuhusu kile msemaji alichokiamini kabla. Na *ua*, kwa kuwa kinyume chake ni hali ya mtafutaji aliyekwama, ni neno la mwisho wa msako: msemaji alikuwa na swali na sasa amepata jibu.

4.3 *Kumbe* kama kipimo

Hapa Kiswahili kinatoa ushahidi ambao nadharia inauhitaji. Linganisha:

(4) a. Lo! Nyoka!
b. Kumbe ni nyoka!

Katika (4a) mtu amekutana na nyoka. Katika (4b) alikuwa akikitazama kitu kilekile tangu mwanzo, akakidhania kamba au mzizi, na sasa amejua kosa lake. Aliyekuwa akitafuta ufunguo akiupata husema "Huu hapa!", akisema "Kumbe uko hapa!" ameongeza kwamba alikwisha kuamini kuwa uko kwingine. *Lo* ni jamaa wa *ue*, na "huu hapa" ni jamaa wa *ua*. *Kumbe* si hili wala lile, wala si jumla ya mawili hayo. *Ua* hufunga swali lililokuwa wazi. *Kumbe* huvunja jibu ambalo msemaji alidhani analo. Mtafutaji anajua kuwa hajui. Msema *kumbe* hakuwa akijua kuwa hajui.

Sifa tatu za *kumbe* zinastahili kutajwa. Kwanza, haichagui chanzo cha ujuzi:

(5) a. Kumbe unapika! (amechungulia jikoni akaona)
b. Kumbe mvua imenyesha! (ameona ardhi imelowa)
c. Kumbe amehama! (ameambiwa na jirani)

Msemaji wa Kituruki angeweza kutumia *-mış* katika hali zote tatu, na asingeweza kwa kiambishi hicho pekee kutenga kuambiwa na kushangaa. Kiswahili kinatenga, kama Lojban, lakini hakigeuzi mshangao kuwa hisia tupu.

Pili, *kumbe* huweza kuunganisha imani ya kale na ukweli mpya ndani ya sentensi moja:

(6) Nilidhani ni mgeni, kumbe ni mwenyeji wetu.

Vitabu vingi vya sarufi vinaiweka *kumbe* katika kundi la vihisishi, pamoja na *lo*, *ala* na *ebo*. Lakini *lo* haiwezi kufanya kazi ya *kumbe* katika (6). Sentensi ingekatika, na uhusiano wa dhana na kinyume chake ungepotea. *Kumbe* hapa inatenda kama kiunganishi chenye maana ya kiujuzi.

Tatu, mwenye kushangaa si lazima awe msemaji:

(7) Alifungua kasha akitaraji dhahabu. Kumbe mlikuwa na majivu matupu.

Msimulizi alijua habari ya majivu kabla hajaanza kusimulia. Mshangao ni wa mhusika, na wa msikilizaji aliyeandamana naye hadi hapo. *Kumbe* basi huonesha mahali ambapo imani ya mtu fulani katika mazungumzo imepinduliwa, na kumshughulikia mtu huyo ni kazi ya muktadha. Ufafanuzi wowote wa kategoria ya mshangao unaomtaja msemaji peke yake hautatosha kwa data hii.

5.0 Riwaya Inayosimama juu ya Kisichosemeka

Pengo la sarufi linaonekana wazi zaidi tunapoirudisha lugha katika riwaya ilimozaliwa. *Native Tongue* inaichora Marekani ya karne zijazo ambamo wanawake wamenyang'anywa haki za kiraia. Familia za wanaisimu zinatafsiri lugha za viumbe wa sayari nyingine, na wanawake wa familia hizo hufanya kazi hiyo bila kuwa na kauli juu ya maisha yao. Wale wasioweza tena kuzaa hupelekwa kuishi katika nyumba yao ya pembeni, na humo, chini ya kivuli cha lugha bandia wanayojifanya kuishughulikia, wanaiunda Láadan kwa siri.

Kisa chote kimejengwa juu ya dhana potofu. Wanaume wanaamini kuwa mradi wa lugha ya wanawake ni mchezo usio na madhara. Wanawake kwa upande wao wanajiandaa kwa adhabu siku siri itakapofichuka. Kinachotokea hakimo katika mahesabu ya upande wowote. Láadan inapoanza kusemwa na watoto wa kike, wanawake wanabadilika: hawalalamiki tena kama zamani, na wanaume, wasioweza kuieleza hali hiyo, wanaamua kuwajengea nyumba zao. Msomaji wa Kiswahili akisimulia kisa hiki atajikuta akitumia *kumbe* katika kila kona yake: kumbe ule haukuwa mchezo, kumbe adhabu haikuja, kumbe walichojengewa kama uhamisho kilikuwa uhuru.

Jambo la kushangaza ni kwamba mtu akitaka kukisimulia kisa hiki kwa Láadan yenyewe, sarufi haitamsaidia hapo. Atafungua sentensi kwa *bíide*, ya masimulizi, na kuifunga kwa *wo*, ya jambo la kubuni, kutoka mwanzo hadi mwisho. Viashiria hivyo ni vya haki. Vinamwambia msikilizaji kwamba hiki ni kisa na kimebuniwa. Lakini vitabaki vilevile kabla na baada ya pinduko. Fundo la riwaya, ambalo ni kugeuka kwa imani, halina alama katika lugha ambayo riwaya inaisifu.

Hapa ndipo jibu tulilolitoa katika 4.1 linapopungua nguvu. Tulisema kwamba lugha ya shahidi asiyeaminiwa haina haja ya mshangao. Lakini kutoaminiwa ni hali ya watu wawili. Yupo anayesema *wa*, na yupo anayempokea kwa *waá*. Haki haitimii kwa wa kwanza kuongeza sauti ya *wa* yake. Inatimia siku wa pili anapoiacha *waá*. Láadan inamruhusu aiache, bila shaka. Jana alisema kwa *waá*, leo anasema jambo lilelile kwa *wáa* au hata kwa *wa*. Ila kati ya jana na leo sarufi haimdai neno. Anaweza kuhama kutoka kukana hadi kukubali kana kwamba alikuwa upande huu siku zote, na yule aliyekanwa asipate kamwe kusikia kwamba alikuwa amekanwa kimakosa.

Kiswahili nacho hakimdai mtu *kumbe*. Mwenye kiburi anaweza kunyamaza. Lakini neno lipo, ni fupi, na kutokuwapo kwake husikika. Mzazi aliyemkaripia mtoto kwa kumdhania mwizi, kisha akaviona vilivyopotea, akisema "Vimeonekana" amesema kweli na bado anadaiwa. Akisema "Kumbe hukuchukua!" amelipa angalau sehemu ya deni. Kwa shahidi aliyekanwa, neno analolisubiri liko kinywani mwa mwingine, na neno hilo Láadan haikulitunga.

6.0 Hitimisho

Makala hii imeonesha mambo matatu. La kwanza ni kwamba viashiria vya ushahidi vya Láadan, hasa upana wa *wa* na jozi ya *wáa* na *waá*, ni uteuzi wenye mantiki ya kimaadili, hata pale unapokiuka mipaka ambayo wanaisimu huichora baina ya chanzo na tathmini. Lugha nyingine ya kubuni ya wakati uleule, Kiklingon cha Marc Okrand, ina viambishi vya kitenzi vinavyoonesha kiwango cha uhakika wa msemaji. Kuwa na uhakika na kutaja dhamana ya uhakika huo si jambo moja, na ni Láadan iliyochagua lililo gumu zaidi.

La pili ni kwamba kutokuwapo kwa mshangao katika Láadan, na kuwekwa kwake miongoni mwa hisia katika Lojban, kunatokana na mtazamo mmoja: kwamba kushangaa ni jambo la moyo na si la ujuzi. Kituruki na Kiswahili, kila kimoja kwa njia yake, vinaukanusha mtazamo huo.

La tatu linatuhusu sisi wenyewe. *Kumbe* haiwezi kuendelea kuorodheshwa pamoja na *lo* na *ebo* na kuachwa hapo. Mgawanyo wake katika sentensi kama (6), kutochagua kwake chanzo cha ujuzi katika (5), na uwezo wake wa kubeba mtazamo wa mhusika katika (7), vyote vinataka uchambuzi wa kisintaksia na kisemantiki. Pamoja nayo inapaswa kuchunguzwa *eti*, pamoja na mfuatano wa *eti kumbe*, ambamo msemaji anaonekana kusimulia mshangao wa mtu mwingine bila kuushiriki.

Elgin aliweka miongoni mwa dhana za jaribio lake kwamba wanawake wakipewa lugha yao, ama wangeipokea na kuikuza, ama ingewachochea waiweke kando na kubuni iliyo bora kuliko hiyo. Yeye mwenyewe alihitimisha kwamba dhana hiyo haikuthibitika. Hata hivyo, sehemu yake ya pili ni mwaliko ambao haujafungwa. Atakayeuitikia akaiunda upya Láadan, au akaunda nyingine kwa kusudi lilelile, atakuta nafasi ya shahidi imekwisha kujengwa vizuri. Kazi iliyobaki ni kwenye upande wa msikilizaji.